Kutoka Ukutani Hadi Dukani: Safari ya Michoro ya Keith Haring

Mchoro uliotiwa ukutani na mtu asiyeombwa wala kulipwa ni jambo la kale. Katika magofu ya Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, wachimbuzi walikuta kuta zimejaa majina ya wapenzi, matusi, na maombi ya kura. Wataliana waliyaita maandishi ya namna hiyo kwa neno lenye maana ya vitu vilivyokwaruzwa, na neno hilo likaenea katika lugha nyingi. Katika Kiswahili cha mijini neno grafiti limekwisha kuzoeleka, ila aghalabu hutumika kwa upana mno: hujumlisha jina lililoandikwa kwa haraka usiku, picha kubwa ya rangi nyingi, na hata picha iliyochorwa kwa idhini ya mwenye nyumba. Mchanganyiko huo hauna madhara katika mazungumzo ya kila siku, lakini humpoteza mtu atakaye kueleza kilichotokea katika mji wa New York kati ya mwaka 1970 na mwaka 1990, wakati michoro ya njiani ilipoingia katika majumba ya maonyesho na kisha katika maduka.

Makala haya yanaeleza badiliko hilo kwa kufuata kazi ya mtu mmoja, Keith Haring, aliyezaliwa tarehe 4 Mei 1958 na kufa tarehe 16 Februari 1990. Hakuwa wa kwanza kuchora pasipo ruhusa, wala hakuwa wa kwanza kuuza. Ametwaliwa kuwa mfano kwa sababu katika kazi yake hatua zote zaonekana waziwazi, moja baada ya nyingine, na kwa sababu safari yake yazusha swali linalowahusu pia wataalamu wa lugha: ishara ikihamishwa kutoka mahali ilipozaliwa, je, yabaki na maana ile ile?

Jina ukutani

Chanzo cha maandishi ya kuta katika Marekani ya siku hizi ni jina. Huko Philadelphia, mnamo mwaka 1967, kijana aliyejiita Cornbread alianza kuandika jina hilo mahali pengi kadiri alivyoweza. Huko New York kijana mwingine, mwenye kutumwa kupeleka vifurushi mjini, aliandika TAKI 183 katika stesheni na mitaa aliyopita. Taki ni ufupisho wa jina lake, na 183 ni nambari ya mtaa wake. Gazeti la New York Times lilipoandika habari zake tarehe 21 Julai 1971, vijana wengi walitambua kwamba jina laweza kusafiri kuliko mwenyewe. Tangu hapo kuta za stesheni, na baadaye mabehewa ya treni za chini ya ardhi, zilijaa majina. Herufi zilikuzwa, zikapindwa, zikatiwa kivuli na rangi, hata mtu asiyezoea hakuweza tena kuzisoma.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu wa kumsaidia kulielewa jambo hili. Maneno yaliyochapwa katika kanga huitwa jina la kanga, ijapokuwa si jina la mtu bali ni methali, dua au kijembe. Avaaye kanga husema na watu kwa jina hilo pasipo kufungua kinywa. Mwandishi wa kuta wa New York alifanya kinyume chake: alichukua jina la mtu, tena la kubuni, akaliacha liseme peke yake pasipo neno lingine. Ujumbe wote ulikuwa huu tu: fulani alipita hapa. Kwa vijana wa mitaa maskini, ambao majina yao hayakuandikwa mahali pengine popote, ujumbe huo haukuwa mdogo. Kwa serikali ya mji ulikuwa uharibifu wa mali, nayo ilipigana nao kwa ua, mbwa, sabuni kali na polisi, mpaka tarehe 12 Mei 1989 behewa la mwisho lenye michoro lilipoondolewa njiani.

Mapema sana palikuwa na watu waliotaka kuyaondoa majina hayo ukutani na kuyatia katika turubai. Mwaka 1972 kiliundwa chama cha waandishi wa kuta kilichoitwa United Graffiti Artists, na mwaka 1973 kazi za wanachama wake zilionyeshwa katika jumba la Razor Gallery huko New York. Mwaka 1979 Lee Quiñones na Fab 5 Freddy walionyesha kazi zao Roma. Mwaka uliofuata Fab 5 Freddy alipamba behewa zima kwa picha za makopo ya supu. Picha hiyo haikuchaguliwa bure. Ilikuwa salamu kwa Andy Warhol, na yafaa kueleza kwa nini.

Sanaa ya pop

Sanaa ya pop ilianza Uingereza katika miaka ya 1950, miongoni mwa wasanii na waandishi waliopendezwa na matangazo, sinema na magazeti ya katuni, yaani mambo ambayo wasomi wa wakati ule waliyadharau. Pop ni ufupisho wa neno lenye maana ya kupendwa na watu wengi. Huko Marekani Andy Warhol alionyesha mwaka 1962 turubai 32 za makopo ya supu ya Campbell's, kila moja kwa aina yake ya supu. Roy Lichtenstein alikuza picha za katuni hata vitone vya uchapaji vikaonekana. Claes Oldenburg, mnamo Desemba 1961, alifungua duka katika mtaa wa kawaida wa New York, akauza humo vyakula na nguo alivyoviumba kwa plasta na kuvipaka rangi.

Kwa hiyo sanaa ya pop na maandishi ya kuta vilikuwa ndugu wasiojuana. Vyote viwili vilizaliwa katika mji wa matangazo. Msanii wa pop alilichukua tangazo akaliingiza katika jumba la maonyesho. Mwandishi wa kuta alichukua njia ya tangazo, yaani kurudia jina moja mahali elfu, akalitangaza jina lake mwenyewe. Mmoja alitoka njiani kuelekea ndani, mwingine alibaki nje. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama katikati, na mahali aliposimama Haring palikuwa hapo.

Karatasi nyeusi

Haring alizaliwa katika jimbo la Pennsylvania, akalelewa katika mji mdogo wa Kutztown. Baba yake alipenda kuchora katuni, naye ndiye aliyemfunza mtoto kushika kalamu. Baada ya shule alianza kujifunza sanaa ya matangazo huko Pittsburgh mwaka 1976, akaiacha mafunzo yangali katikati. Mwaka 1977 aliona huko maonyesho makubwa ya Mbelgiji Pierre Alechinsky, ambaye michoro yake ya wino ilitiririka kama mwandiko, akapata moyo wa kufuata mstari wake mwenyewe. Mwaka 1978 alihamia New York kusoma katika School of Visual Arts.

Huko alisoma, pamoja na uchoraji, elimu ya ishara, yaani semiotiki, inayochunguza jinsi kitu kimoja kinavyosimama badala ya kingine. Alivutiwa pia na mwandishi William Burroughs, aliyekata kurasa vipande na kuvipanga upya ili maneno yaliyotengwa yakutane na kuzaa maana isiyotazamiwa. Mwaka 1980 Haring alikata vichwa vya habari vya magazeti, akaviunga kuwa habari za uongo zilizoonekana kama kweli, akazibandika katika nguzo za taa. Basi kabla ya kuchora mahali pa watu alikwisha kuandika mahali pa watu.

Mwishoni mwa mwaka 1980, akisafiri kwa treni ya chini ya ardhi, aliona jambo ambalo maelfu ya wasafiri walikuwa wakiliona kila siku pasipo kulijali. Muda wa tangazo ukiisha na tangazo jipya halijafika, wafanyakazi wa stesheni hulifunika lile la zamani kwa karatasi nyeusi isiyong'aa. Mahali palipokodishwa kwa fedha nyingi palikuwa patupu kwa siku chache. Haring alipanda ngazi hadi barabarani, akanunua chaki nyeupe, akarudi na kuchora.

Kila sehemu ya kazi hiyo iliamuliwa na mahali penyewe. Chaki juu ya karatasi laini haikwaruzi wala haikatiki, kwa hiyo mstari waweza kwenda pasipo kuinua mkono. Haifutiki vizuri, kwa hiyo hapana nafasi ya kusahihisha. Polisi waweza kutokea wakati wowote, kwa hiyo mchoro ni lazima ukamilike kwa dakika chache. Msafiri atautazama kwa muda wa kungoja treni tu, kwa hiyo ni lazima ueleweke upesi. Mstari mnene, umbo lisilo na uso wala nguo, na mpaka wa fremu uliokwisha kuwekwa na mwenye tangazo: mtindo uliokuja kujulikana duniani kote ulikuwa, kwa asili, jibu la masharti ya stesheni.

Hapa ndipo Haring anapotofautiana na waandishi wa majina. Hakuandika jina lake. Hakutumia rangi ya kupuliza katika mabehewa, na mchoro wake uliweza kuondolewa kwa kubandika karatasi nyingine. Alichora mchana, mbele ya watu, na watu walisimama kumwuliza maana ya anachokichora. Desturi yake ilikuwa kuwaachia wenyewe waamue. Kati ya mwaka 1980 na mwaka 1985 alichora mamia ya michoro ya namna hiyo, na siku nyingine alifikisha hadi michoro arobaini. Hakuna aliyemlipa, wala hakuna aliyeweza kuinunua. Rafiki yake Tseng Kwong Chi alifuata nyuma yake na kamera, na kwa sababu hiyo habari za kazi nyingi zilizopotea zimehifadhika.

Msamiati na sarufi ya ishara

Mtaalamu wa lugha akiitazama michoro hiyo kwa pamoja ataona kwamba haikuwa picha za hapa na pale, bali ni mpango. Ulikuwa na msamiati mdogo: mtoto mchanga anayetambaa, mbwa anayebweka, mtu anayecheza ngoma, televisheni, chombo cha kuruka angani, ngazi, fimbo, msalaba. Ulikuwa pia na viambishi, yaani alama ndogo zisizosimama peke yake. Mistari mifupi inayozunguka umbo ilionyesha nguvu, sauti au mwendo. Ikimzunguka mtoto, ilimfanya kuwa mwenye nuru. Ikitoka kinywani mwa mbwa, ilikuwa kelele. Ikizunguka fimbo, fimbo hiyo ilikuwa na uwezo wa kuamuru. Alama ya mkasi juu ya kifua ilimtenga mtu mmoja na wengine.

Maana ya kila ishara ilitegemea jirani yake. Mbwa aliye mbele ya mtoto hana kazi ile ile na mbwa anayepanda juu ya watu waliopiga magoti. Chombo cha angani kikimmulika mbwa katika fremu ya kwanza, mbwa huyo huyo akaonekana katika fremu ya pili ana miali na watu wanamwabudu, basi fremu mbili zimekuwa sentensi: aliyepewa nguvu ameabudiwa. Umbo lilikuwa sahili, lakini mafungamano hayakuwa sahili. Kwa hiyo wale waliosema kuwa michoro hiyo ni ya kitoto walihukumu msamiati na kuisahau sarufi.

Mpango huo ulikuwa na faida moja kubwa kuliko majina ya mabehewa. Jina lililopindwa lilisomwa na waandishi wenzake tu. Ishara za Haring zilisomwa na mtumishi wa ofisi, mtoto, na mgeni asiyejua Kiingereza. Lakini faida hiyo hiyo iliandaa safari ya dukani, maana kisomekacho na wote chaweza pia kuuzwa kwa wote.

Bei ya kuchora

Haring alikamatwa na polisi mara nyingi, akatozwa faini, na pengine akatiwa pingu mbele ya wasafiri. Hata hivyo adhabu yake ilikuwa nyepesi, na yeye alijua sababu moja ya wepesi huo. Tarehe 15 Septemba 1983 kijana mweusi, Michael Stewart, mwenye umri wa miaka 25, alikamatwa katika stesheni ya First Avenue kwa tuhuma ya kuandika ukutani. Alifikishwa hospitali akiwa hana fahamu, akafa tarehe 28 ya mwezi huo. Maofisa sita walioshtakiwa katika kesi hiyo waliachiliwa na mahakama mwaka 1985. Haring alikuwa mweupe, tena amesoma chuo. Alikuwa amefanya tendo la namna ile ile mara mamia, naye alikuwa hai.

Jean-Michel Basquiat, ambaye aliwahi kuandika kuta za New York kwa jina la SAMO pamoja na mwenzake Al Diaz, alichora picha ya kifo hicho mwaka 1983: polisi wawili, fimbo juu, na katikati kivuli cheusi cha mtu. Aliichora moja kwa moja juu ya ukuta wa chumba cha kazi cha Haring. Alipohama chumba hicho Haring aliikata picha ile pamoja na ukuta wake, akaitia fremu, akaiangika juu ya kitanda chake. Ilikuwa hapo siku alipokufa. Mwaka 1985 yeye mwenyewe alichora picha kubwa ya Stewart akinyongwa. Msomaji na alikumbuke jambo hili, kwa maana latokea tena chini: kuna ukuta uliokatwa ili kuhifadhi, na kuna ukuta uliokatwa ili kuuza.

Kuingia ndani

Mwezi Juni 1980 Haring alishiriki katika maonyesho ya Times Square, yaliyofanyika katika nyumba iliyoachwa wazi, ambapo wasanii waliosoma na wachoraji wa mitaani walikutana pamoja. Mwaka 1982 kazi zake zilikuwa Kassel, Ujerumani, katika Documenta 7. Mwaka huo huo ishara zake ziliwaka kwa taa katika ubao wa matangazo wa Times Square, na mwezi Oktoba Tony Shafrazi alimfungulia maonyesho makubwa katika jumba lake. Si neno la kupita bure kwamba mwenye jumba hilo mwaka 1974 alikuwa ameandika kwa rangi ya kupuliza juu ya picha ya Picasso iitwayo Guernica. Hivyo mlango wa ndani ulifunguliwa na mtu aliyewahi kuandika pasiporuhusiwa.

Katika maonyesho hayo Haring hakuwa peke yake. Kijana Angel Ortiz, aliyeandika kuta kwa jina la LA II, alijaza mwandiko wake katika nafasi zilizobaki kati ya maumbo ya Haring, na kazi za pamoja ziliuzwa kwa majina ya wote wawili. Baada ya kifo cha Haring palitokea malalamiko kwamba jina la Ortiz lilikuwa likiachwa katika maelezo ya kazi hizo. Lawama hiyo yaonyesha hatari iliyomo katika kuhama kutoka ukutani: ukutani majina mawili hukaa bega kwa bega, lakini sokoni jina moja hulimeza jingine.

Umaarufu ulipokuja, michoro ya stesheni ilibadilika maana ingawa mkono haukubadilika. Watu walianza kuikata na kuichukua mara chaki ilipokauka mkononi mwa mchoraji, ili wakaiuze. Zawadi iliyotolewa kwa kila mpitaji ikawa mali ya aliyetangulia kufika. Mwaka 1985 Haring aliacha kuchora katika stesheni. Polisi hawakuweza kumzuia kwa miaka mitano, bei ilimzuia.

Duka

Haring alikuwa amejuana na Warhol tangu mwaka 1983. Katika miaka ya 1985 na 1986 alifanya kazi zilizoitwa Andy Mouse, ambamo Warhol amevikwa masikio ya Mickey Mouse na kuwekwa pamoja na alama ya dola, na chapa za mwaka 1986 zilitiwa sahihi na wote wawili. Kazi hizo ni heshima na mzaha kwa pamoja: zinasema kwamba Warhol amekuwa sawa na vitu alivyovichora, yaani chapa ya biashara inayojulikana na kila mtoto. Aliyezichora alikuwa akijitazama pia katika kioo hicho.

Mwezi Aprili 1986 alifungua Pop Shop katika nyumba nambari 292, Lafayette Street. Kuta, sakafu na dari vilijazwa mistari myeusi juu ya weupe, na humo mliuzwa fulana, mabango, beji, sumaku na vitu vya kuchezea vyenye ishara zake. Duka la pili lilifunguliwa Tokyo likafungwa mwaka 1988. Lile la New York liliendelea mpaka mwaka 2005.

Wengi walimlaumu. Wakosoaji wa sanaa walisema kwamba amejishusha kuwa mfanya biashara. Baadhi ya watu wa mitaani walisema kwamba ameuza kilichokuwa cha wote. Hoja yake ilikuwa kwamba mambo yalikuwa kinyume. Turubai iliyouzwa katika jumba la maonyesho ilikwenda nyumbani kwa tajiri mmoja, na hakuna mpitaji aliyeiona tena. Fulana ya bei ndogo iliweza kununuliwa na kijana yule yule aliyeuona mchoro stesheni, naye akaivaa njiani. Kwa hoja hii duka lilikuwa njia ya kurudi barabarani, wala si njia ya kutoka.

Hoja hiyo yastahili kupimwa, wala si kukubaliwa yote au kukataliwa yote. Ni kweli kwamba fulana hutembea, na kwamba avaaye huchagua ishara ya kusema nayo, kama avaaye kanga anavyochagua jina. Lakini kuna mambo mawili yaliyopotea. La kwanza ni mafungamano: mtoto mwenye miali akitengwa katika beji hana tena mbwa mbele yake wala chombo cha angani juu yake, na neno lililotolewa katika sentensi hubaki na maana yake ya kamusi tu. La pili ni mahali: mchoro wa stesheni ulikaa penye tangazo na kwa hiyo ulikuwa jibu kwa tangazo; mchoro wa fulana wenyewe umekuwa tangazo. Msamiati ulisafiri salama, bali sarufi iliachwa nyuma.

Kuta baada ya duka

Lau safari ingaliishia dukani, habari yake ingalikuwa fupi na ya huzuni. Haring hakuacha kuta. Mwaka 1982 alikuwa amelipia mwenyewe mabango 20,000 ya kupinga silaha za nyuklia na kuyagawa bure katika mkutano wa hadhara wa Central Park. Mwaka 1985 alitoa bango la kudai uhuru wa Afrika Kusini. Mwaka 1986, mwaka wa duka, alichora pasipo ruhusa ukuta wa kiwanja cha michezo karibu na barabara kuu ya Harlem River Drive, kwa maneno makubwa ya Crack is Wack, ya kukemea kokeini ya kuvuta iliyokuwa ikiwaangamiza vijana. Alikamatwa na kutozwa faini, mchoro ukaharibiwa, kisha mji wenyewe ukamruhusu auchore tena. Ukuta huo ulifanyiwa ukarabati mwaka 2019. Tarehe 23 Oktoba 1986 alichora kiasi cha meta 300 za Ukuta wa Berlin kwa mnyororo wa watu walioshikana mikono na miguu, kwa rangi za bendera ya Ujerumani. Wengine walichora juu yake upesi, nao ukuta wenyewe ulifunguliwa mwaka 1989.

Yaonekana kwamba duka na kuta vilitegemeana. Jina lililokuzwa sokoni lilimfungulia kuta za hospitali, shule na viwanja vya watoto, na mara nyingi hakutaka malipo. Mwaka 1988 aliambiwa kuwa ana Ukimwi. Mwaka 1989 aliunda wakfu uitwao Keith Haring Foundation, wa kusaidia vyama vinavyopigana na ugonjwa huo na vinavyowahudumia watoto. Hivyo mapato ya ishara zile yalipewa kazi ya kufanya baada ya mwenyewe. Mwezi Juni mwaka huo alichora Pisa, katika ukuta wa nyumba ya watawa ya Sant'Antonio, picha ya meta za mraba 180 yenye maumbo 30, akaiita Tuttomondo, yaani dunia yote. Miezi minane baadaye alikufa, akiwa na umri wa miaka 31.

Mwisho

Swali lililoulizwa mwanzo laweza sasa kujibiwa kwa uangalifu. Ishara ikihama haibaki na maana ile ile, wala haipotezi maana yote. Hubeba umbo lake, lakini huacha nyuma majirani zake, mahali pake, na mkataba wake na mtazamaji. Katika stesheni mkataba ulikuwa kwamba mchoro ni wa kila mtu kwa muda mfupi. Katika jumba la maonyesho ulikuwa wa mtu mmoja kwa muda mrefu. Katika duka ulikuwa wa wengi, ila kwa malipo. Katika ukuta wa Pisa au wa Harlem ulirudi kuwa wa kila mtu, safari hii kwa muda mrefu pia. Kwa hiyo atakaye kuueleza mchoro wa namna hii asitosheke na kulieleza umbo. Hana budi kueleza pia umewekwa wapi, na nani, na kwa ruhusa ya nani, kama vile mwenye kueleza methali asivyotosheka na maneno yake bali huuliza ilisemwa na nani kwa nani.

Mwezi Novemba 2024 michoro 31 ya chaki iliyookolewa kutoka stesheni za New York iliuzwa katika mnada mjini humo humo, kwa jumla ya zaidi ya dola milioni 9. Karatasi zile nyeusi zilikuwa zimebandikwa ili kuficha tangazo lililokwisha muda wake, na chaki ilikuwa zawadi kwa mtu anayengoja treni. Picha ya Stewart iliyokatwa ukutani na Haring nayo imehifadhiwa. Zote mbili ni vipande vya kuta. Ila moja ilikatwa kwa sababu ina bei, na nyingine kwa sababu mwenye kuikata hakutaka mtu asahauliwe.